Bahari Tatu: Utangulizi wa Vifafa vya Mioklonia Vinavyozidi

Kabla hatujagusa jeni hata moja, tuanze na kikombe cha chai.

Binti wa miaka 12 ameamka asubuhi, amekaa mkekani, mama yake amemkabidhi kikombe. Kikiwa chini, mkono wake umetulia tuli. Anapokinyanyua kukipeleka mdomoni mkono unaruka, na chai yote inaishia kwenye gauni. Anakemewa kwa uzembe. Wiki inayofuata ni kijiko, kisha kalamu darasani. Miezi inapita, halafu usiku mmoja anaanguka kifafa, mwili mzima ukikakamaa na kutetemeka, na hapo ndipo nyumba nzima inapoikumbuka ile chai.

Mruko ule mfupi wa ghafla, kama wa mtu aliyeguswa na waya wa umeme, madaktari huuita mioklonia. Kila mmoja wetu ameuonja: mshtuko unaotukurupua tunapoanza kupitiwa na usingizi ni mioklonia pia, na hauna ubaya wowote. Wa binti huyu ni wa namna nyingine. Humjia hasa anapokusudia kutenda jambo, umefuatana na kifafa, na kila mwaka unazidi. Baadaye ataanza kuyumba anapotembea. Magonjwa yanayoleta sura hiyo ndiyo vifafa vya mioklonia vinavyozidi. Mengi ni ya kurithi, na yote ni adimu. Inakadiriwa kwamba wenye magonjwa haya, tukiwajumlisha wote, hawazidi mmoja katika kila wagonjwa 100 wa kifafa. Daktari mzuri anaweza kustaafu bila kukutana na baadhi yake.

Kwa nini basi kuandika kitabu kizima juu ya namna ya kuyapanga? Kwa sababu katika fani hii jina la ugonjwa ni sehemu ya matibabu. Dawa inayomsaidia mgonjwa mmoja humdhuru mwingine, na wote wawili mwanzoni wanamwaga chai kwa namna ileile. Mama akiuliza, "Daktari, mdogo wake naye je?", jibu linategemea jina. Vilevile akiuliza kama mwanawe ataweza kumaliza shule.

Historia ya majina haya inapita kwenye bahari tatu za Ulaya, na mimi napenda kuisimulia kwa njia hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi ramani inavyoweza kumwongoza mtafiti na jinsi inavyoweza kumpoteza.

Bahari ya kwanza ni Baltiki. Mwaka 1891 Heinrich Unverricht, daktari Mjerumani aliyekuwa akifundisha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, aliandika habari za ndugu wa familia moja waliokuwa na mishtuko pamoja na kifafa. Mwaka 1903 Herman Lundborg wa Uswidi akaeleza ugonjwa huohuo katika familia za Blekinge, kusini mwa nchi yake. Lundborg alikuwa mtu wa subira ya ajabu. Alifuatilia vizazi katika vitabu vya makanisa, ubatizo kwa ubatizo, ndoa kwa ndoa, mpaka mwaka 1913 akachapisha utafiti juu ya ukoo mmoja wa wakulima wenye watu 2,232. Katika ukoo ule mtu aliweza kuona wazi jinsi ugonjwa unavyojificha kwa wazazi wazima na kutokeza kwa baadhi ya watoto.

Siwezi kumtaja Lundborg nikaishia hapo. Mwaka 1922 alikuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya serikali ya biolojia ya mbari mjini Uppsala, iliyopima mafuvu ya watu, ikawapiga picha Wasami na kuwapanga binadamu kwa madaraja. Mkono uliochora mti wa ukoo ili kuelewa ugonjwa ndio uliotumia ujuzi uleule kuwadhalilisha watu. Jina lake limebaki kwenye ugonjwa, nami nalitumia kwa sababu ndilo linalojulikana, lakini kila mwanafunzi wangu namwambia habari hii siku ya kwanza. Anayejifunza kuchora mti wa ukoo wa mgonjwa anashika kitu chenye makali.

Bahari ya pili ni Mediterania. Katika karne ya 20 madaktari wa kusini mwa Ufaransa, Italia na Afrika ya Kaskazini walikuwa wakiona vijana wenye mishtuko na kifafa, wengi wakiwa na akili timamu kabisa, na ugonjwa wao ukienda polepole. Wakauita mioklonia ya Mediterania, wakaamini ni tofauti na ule wa Baltiki uliosemekana kuwa mkali zaidi. Juu ya hapo lilikuwapo jina la James Ramsay Hunt, Mmarekani aliyewaeleza wagonjwa wa mishtuko na kuyumba mwaka 1921. Jina hilo likageuka kapu, kila mgonjwa asiyeeleweka akatupwa humo. Hali iliendelea hivyo mpaka wataalamu walipokutana Marseille. Makubaliano yao, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalisafisha meza: kapu la Ramsay Hunt liwekwe kando, na kila mgonjwa atafutiwe ugonjwa wake halisi. Wa Baltiki na wa Mediterania wakatambuliwa kuwa ni ugonjwa mmoja, ule wa Unverricht na Lundborg. Mwaka 1996 jeni yake ikapatikana kwenye kromosomu ya 21. Inaitwa CSTB, na kazi yake ni kutengeneza protini iitwayo sistatini B. Wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa na kasoro katika jeni hiyohiyo.

Ila kama ugonjwa ni mmoja, kwa nini wa kaskazini walionekana kuumwa zaidi? Hapa ndipo penye somo ambalo ningependa ulibebe hata ukisahau mengine yote. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa wa mioklonia ya Baltiki walizidiwa wakitumia fenitoini, dawa ya kifafa iliyokuwa imeenea sana duniani. Waliobadilishiwa wakapewa valproeti walipata nafuu. Fenitoini ilizidisha kuyumba na kudhoofisha akili, na yeyote aliyekuwa akimtazama mgonjwa angedhani ni ugonjwa unaoendelea na safari yake. Sehemu ya ukali ulioandikwa vitabuni kwa miongo kadhaa ilikuwa ukali wa dawa. Tangu hapo, mtu akiniletea faili la kijana mwenye mishtuko inayozidi, jambo la kwanza ninalotafuta ni orodha ya dawa zote alizowahi kumeza, na tarehe zake.

Bahari ya tatu imekuja juzi tu. Mwaka 2011 kikundi cha wagonjwa walioanza kuyumba wakiwa na umri wa takriban miaka 2, wakapata mishtuko baadaye, wakapoteza mwitiko wa goti linapogongwa kwa nyundo na migongo yao ikapinda, walikutwa na badiliko moja lilelile katika jeni ya GOSR2. Walipofuatiliwa, ilionekana kwamba familia zao zilitoka nchi zinazoizunguka Bahari ya Kaskazini, dalili kwamba wote wanashuka kutoka kwa babu au bibi mmoja wa zamani. Mwaka 2013 ugonjwa huo ukapewa jina la bahari hiyo. Safari hii ramani haikudanganya.

Wakati wengine wakisoma ramani, wengine walikuwa wakisoma kilichomo ndani ya seli. Mwaka 1911 Gonzalo Rodríguez Lafora, Mhispania aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Washington, alitazama kwa hadubini ubongo wa kijana aliyefariki kwa ugonjwa wa namna hii. Ndani ya seli za neva aliona viduara visivyopaswa kuwapo. Leo tunavijua ni sukari iliyoharibika umbo. Glikojeni, akiba ya sukari ya mwili, kwa kawaida ina matawi mengi mafupi na huyeyuka vizuri. Kwa wagonjwa hawa matawi hurefuka kupita kiasi, na glikojeni hufanya madonge kama unga uliomiminwa kwenye maji ya moto bila kukorogwa. Hatuhitaji tena kusubiri ubongo. Kipande kidogo cha ngozi ya kwapa, chenye mirija ya jasho, kikitiwa rangi inayoshika sukari, kinaweza kuonyesha viduara hivyo vikiwaka rangi ya zambarau iliyokoza kwenye kuta za mirija. Ni picha nzuri kwa jicho, na nimewaona wanafunzi wakiifurahia hadi walipokumbuka ina maana gani.

Maana yake ni nzito. Ugonjwa wa Lafora na ule wa Unverricht na Lundborg huanza karibu umri mmoja, kuelekea ujana au ndani yake, kwa mishtuko ya asubuhi na kuanguka kifafa. Mwanzoni yote mawili hufanana pia na kifafa cha mioklonia cha vijana, ambacho ni cha kawaida zaidi na kwa kawaida hutulizwa vizuri na dawa. Kwa hiyo familia nyingi huambiwa kwanza habari njema, kisha njia zinaachana. Mwenye ugonjwa wa Unverricht na Lundborg huzidiwa kwa miaka kadhaa ya mwanzo, halafu mara nyingi hali hutulia. Akili yake kwa kiasi kikubwa hubaki, na kwa dawa zinazofaa anaweza kuishi miongo mingi. Mwenye Lafora huanza kuona miale na nuru zisizokuwapo, maksi za darasani zinaporomoka, akili inafifia, na mara nyingi hufariki takriban miaka 10 baada ya dalili za kwanza. Jeni mbili za Lafora zinajulikana, EPM2A iliyopatikana mwaka 1998 na NHLRC1 mwaka 2003, na moja tu kati yake ikiharibika katika nakala zote mbili inatosha kuleta ugonjwa.

Ungedhani kwamba kwa kuwa jeni zimepatikana kazi ya kupanga imekwisha, yaani chukua damu, soma DNA, andika jina. Natamani ingekuwa hivyo. Kasoro iliyo ya kawaida zaidi kwenye CSTB ni kipande cha herufi 12 za DNA kinachojirudia. Watu wenye afya wanacho mara 2 au 3. Wagonjwa wanacho mara 30 na kuendelea. Kipande hicho kimejaa herufi C na G, na vipimo vya kawaida vya kusoma jeni nyingi kwa mpigo huteleza juu yake bila kukiona. Majibu yanarudi yakisema hakuna kasoro, na mgonjwa anayo. Maabara inapaswa kuombwa mahsusi ihesabu marudio hayo kwa njia nyingine. Wapo wagonjwa wanaozungushwa miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyelijua hilo dogo.

Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa MERRF, ambao kasoro yake imo katika mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, vyenye DNA yao wenyewe. Badiliko lake maarufu, kwenye nafasi ya 8344 ya DNA hiyo, lilitambuliwa mwaka 1990. Mtoto hupata mitokondria kwa mama tu, kwa hiyo katika mti wa ukoo ugonjwa hufuata akina mama na hausogei kupitia kwa baba. Lakini ndani ya mwili mmoja mitokondria nzima na mbovu huishi pamoja, na uwiano wake hutofautiana kati ya damu, mkojo na msuli. Damu ikionyesha kidogo, kipande cha msuli kinaweza kuonyesha tele, na chini ya hadubini nyuzi zake zinaonekana zimechakaa pembeni, nyekundu kama zimetatuka. Na hapa valproeti, iliyowaokoa wagonjwa wa Baltiki, inahitaji tahadhari kubwa. Katika baadhi ya magonjwa ya mitokondria, hasa yanayotokana na jeni ya POLG, inaweza kuua ini.

Kundi kubwa kuliko yote limo kwenye lisosomu, vyumba vidogo ndani ya seli ambamo takataka husagwa. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, takataka hujilundika. Ndiyo hali ya magonjwa ya CLN, yenye jeni zaidi ya kumi, ambayo simulizi yake ya kwanza iliandikwa na Otto Christian Stengel mwaka 1826 kuhusu ndugu wanne wa Røros, mji wa machimbo nchini Norway. Watoto hawa wengi hupoteza macho pamoja na akili. Ndiyo hali pia ya sialidosisi, ambapo daktari anayechungulia ndani ya jicho hukuta doa jekundu lililokoza katikati ya retina. Usiruke kipimo cha macho. Ni rahisi, hakiumizi, na kimewahi kufupisha safari ya miaka.

Katika kundi hili ndimo ilimo sababu mpya ya haraka. Tangu 2017 ipo dawa ya CLN2: kimeng'enya kinachokosekana kinaingizwa moja kwa moja kwenye vyumba vya maji ya ubongo kila baada ya wiki 2. Hairudishi kilichopotea. Inapunguza mwendo wa kupotea, na mtoto wa CLN2 huanza kupoteza akiwa na miaka 3 au 4, wakati wengine bado wanasema atachangamka tu akikua. Kuchelewa kumpa jina kunamgharimu maneno na hatua zake.

Majina mengine yanapotosha, na ni vizuri uyajue mapema. Mwaka 1986 ulielezwa ugonjwa wa mishtuko ya kutenda unaofuatana na kufa kwa figo, kwa Wakanada wenye asili ya Kifaransa. Jeni yake, SCARB2, ilipopatikana mwaka 2008, ikawa rahisi kuwatafuta wagonjwa wengine, na wakaonekana wenye mishtuko ileile ambao figo zao ni nzima. Mwenye kungoja figo zife ndipo aseme jina, atakosea. Upande mwingine jeni moja huzaa magonjwa mengi, na wataalamu bado wanabishana kama tupange kwa jeni au kwa sura ya mgonjwa. Mimi nimechagua kuanza na mgonjwa. Orodha ya namba za EPM, kifupi cha jina la magonjwa haya, unazoziona katika makala hufuata takriban foleni ya ugunduzi, na haikuambii nani anafanana na nani. Jeni nimeziweka mwishoni mwa kila sura, mahali zinapofika katika kliniki pia.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza haya yote yanamhusu vipi. Kifafa anachokiona mara nyingi kimesababishwa na uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, au lava wa tegu wa nguruwe waliokaa kwenye ubongo. Huko Mahenge na kaskazini mwa Uganda atakutana na watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Na akimwona mtoto mwenye mishtuko inayojirudia kwa mpigo mmoja, akili ikififia mwezi hadi mwezi, kabla ya kufikiria jeni aulize juu ya surua. Virusi vyake vinaweza kubaki kimya ubongoni miaka kadhaa kisha kuamka, na sura yake ni ya kukaribiana sana na ya magonjwa ya kitabu hiki. Jeni zenyewe, hata hivyo, hazina mipaka ya bahari. Mengi ya magonjwa haya yanahitaji nakala mbili mbovu, moja kwa kila mzazi, na wazazi wanaotoka ukoo mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba nakala ileile. Ndoa za binamu zina heshima na sababu zake pwani yetu na Oman. Daktari anayeuliza kuhusu ukoo aulize kwa adabu, na aeleze kwamba wazazi hawakukosa lolote. Wazazi wote wawili wakibeba nakala mbovu, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kupata ugonjwa ni 1 kati ya 4, na uwezekano huo haukumbuki yaliyotokea kwa mimba iliyotangulia. Dawa zinazopatikana kwa urahisi zaidi katika zahanati zetu ni pamoja na fenitoini na kabamazepini. Kabamazepini nayo inaweza kuzidisha mishtuko. Kwa hiyo hata pasipo na maabara ya jeni, kutambua kwamba mgonjwa ni wa kundi hili kunabadilisha kinachoandikwa kwenye cheti chake cha dawa leo hii.

Mara nyingine mti wa ukoo unakuwa safi kabisa. Mwaka 2015 watafiti walisoma jeni za wagonjwa 84 wasio na undugu, ambao sampuli za wengi wao zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mingi bila jibu. Wagonjwa 11 walikutwa na badiliko moja lilelile katika jeni ya KCNC1, inayotengeneza mlango wa potasiamu kwenye seli za neva. Kwa wengi badiliko hilo lilikuwa limezuka upya kwa mgonjwa mwenyewe. Baba hana, mama hana. Baadaye ilionekana kwamba baadhi yao hupata nafuu ya muda wakiwa na homa, jambo ambalo familia huenda ziliwahi kulisema na hakuna aliyeliandika. Katika wagonjwa wale 84, takriban theluthi moja tu ndio waliopata sababu. Waliosalia sampuli zao zimehifadhiwa, na mafaili yao yanasubiri kufunguliwa tena.

Sura ya kwanza inaanzia mkekani, kwa binti na kikombe chake. Ukiwa naye, mwombe anyanyue mkono taratibu mpaka puani, kisha umtazame akiwa ametulia, kisha anapoandika jina lake. Muulize mama lini chai ilimwagika kwa mara ya kwanza, na kabla hujaandika chochote, mwombe alete pakiti zote za dawa zilizomo nyumbani.